Inchi Tisa za Baraza

Jumamosi ile ya mwezi wa nane, mwaka wa hamsini na nne, Shaban Mrisho alikuwa anashona suruali ya kaki ya karani mmoja wa reli wakati Lydia alipomwomba njia.

Alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, barazani mwa duka la Lalji, kwenye barabara ya soko mjini Dodoma. Alikuwa ametimiza miaka kumi na moja ya kushona pale. Mkono wake wa kulia palikuwa na ukuta wa duka. Mkono wa kushoto, baraza liliendelea hatua moja na nusu, kisha barabara ikaanza. Hatua hiyo moja na nusu ilijaa marobota ya amerikani, mafungu ya majembe na pipa la mafuta ya taa, kwa sababu Lalji aliamini kwamba abiria anayeshuka kwenye basi asipoona mali kwa macho yake hataingia dukani. Na mabasi yalishusha pale pale mlangoni: la Mpwapwa, la Kondoa, la Iringa, yakichanganyika na malori ya ng'ombe na mikokoteni ya wachukuzi. Hapakuwa na mahali palipotengwa. Kila dereva alisimama alipopata.

"Kaka, nipishe nipite," Lydia alisema.

Wakati huo Shaban hakujua jina lake. Aliona tu ukingo wa gauni la buluu na miguu miwili yenye vumbi la mwendo mrefu. Alikuwa mama wa Kigogo kutoka Msalato, debe la karanga kichwani, na ili apite ilibidi Shaban anyanyuke, asogeze kigoda na kuivuta mashine kuelekea ukutani. Karani wa reli alikuwa anakuja saa sita kuchukua suruali yake, na mguu mmoja ulikuwa bado.

"Pitia chini," akasema, akimwonyesha barabara kwa kidevu.

Lydia akashuka.

Basi la Mpwapwa lilikuwa linarudi nyuma. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeinua vumbi kiasi kwamba kutoka kwa Lalji usingeweza kuliona duka la ng'ambo. Utingo alikuwa upande wa pili wa basi, anagonga bati kumwashiria dereva aendelee. Shaban alisikia bati likigongwa, akasikia kishindo kisicho kikubwa, akasikia debe likianguka. Mguu wake uliendelea kukanyaga mashine. Mshono ulifika ukingo wa kitambaa ukapita, sindano ikapanda na kushuka bila kitu chini yake, ndipo alipoacha.

Alipofika chini ya baraza watu walikuwa wamekwisha jaa. Wawili walikuwa wanamvuta yule mama kutoka chini ya gurudumu. Wengine walikuwa wameinama, wanaokota karanga na kuzitia mifukoni.

*

Mguu wa kushoto wa Lydia ulikatwa hospitalini jioni ile ile, chini ya goti. Habari ilifika barabarani kesho yake, na kwa siku mbili tatu watu waliizungumza, kisha wakaendelea na kazi. Ilikuwa ajali ya nne mwaka ule katika barabara ile moja.

Lakini safari hii watu wa boma hawakunyamaza. Mwezi uliofuata ramani kubwa ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na karani wa mji, kijana mmoja aliyeitwa Zaidi, alisimama karibu nayo kuwaeleza wasiojua kusoma. Barabara ya soko itatengenezwa upya. Mabasi yote yatahamishiwa kiwanja cha nyuma ya soko, kila basi na mahali pake, abiria wapande na kushuka huko. Malori yataingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, hakuna kurudi nyuma. Kila upande wa barabara itajengwa njia ya watu wa miguu, iliyoinuliwa kwa mawe, na kando yake itapandwa miarobaini. Katikati patamwagwa maji asubuhi na jioni, na mafuta machafu ya magari mara moja kwa mwezi, ili vumbi litulie. Na ili njia hiyo ya miguu ipatikane, mabaraza yote yatakuwa mali ya wapita njia. Hakuna robota, hakuna pipa, hakuna mashine.

"Hakuna mashine?" Shaban aliuliza.

"Hakuna kitu chochote, fundi," Zaidi alisema. "Hata kigoda."

Kabla ya kupitisha mpango huo, kamati ya mji, ikiongozwa na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, ingekaa na kusikiliza watu wa barabara ile. Mwenye neno aende akaseme.

Wenye maduka walikuwa na neno. Waliandika barua yenye sahihi kumi na saba, nyingi za Kihindi na mbili za Waarabu. Barua ilisema mpango huo utaua biashara. Kwamba barabara haina kosa. Na kwamba ajali ya mwezi wa nane ilitokea kwa sababu mwanamke wa shamba, asiyezoea magari, alikimbia mbele ya basi.

Siku barua ilipokuwa tayari, Lalji alimwita Shaban ndani ya duka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Kudra, mke wa Shaban, alipolazwa kwa ajili ya kifua, Lalji alilipia dawa na hakuitaja tena siku ile wala baadaye.

"Fundi," Lalji alisema, "wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko wote. Kamati itataka shahidi. Utasema yule mama alikimbia."

"Bwana Lalji, mimi nilikuwa nashona."

"Ulikuwa unashona, lakini macho ulikuwa nayo." Lalji alikunja karatasi akaitia ndani ya bahasha. "Sikuambii utukane mtu. Sentensi moja tu. Alikimbia, dereva hakuwahi. Basi."

Shaban aliitazama ile bahasha.

"Mabasi yakiondoka hapa, nani ataingia dukani? Na asipoingia mtu, nani atanunua kitambaa? Na kitambaa kisiponunuliwa, wewe utashona nini? Mashine ni yangu, lakini tumbo ni lako."

Hansa, mke wa Lalji, alikuwa nyuma ya kaunta anapangusa majora ya vitambaa kwa kitambaa kibichi, kazi aliyoifanya mara tatu kwa siku kwa sababu ya vumbi. Alimwangalia mumewe, akamwangalia Shaban, akaendelea kupangusa.

"Nitafikiri," Shaban alisema.

"Fikiri. Kamati ni Jumatano."

*

Nyumba ya Shaban ilikuwa uchochoro wa pili nyuma ya barabara ya soko, nyumba ya udongo aliyoachiwa na babu yake, ambaye alikuja bara na misafara ya pembe akitoka Bagamoyo na hakurudi. Kudra alikuwa amefunika chakula kwa kanga iliyoloweshwa maji. Kila basi lilipopita, vumbi liliingia kwa juu ya ukuta wa ua na kutua juu ya kila kitu. Alifunua ugali wa uwele na mlenda, akakaa mkabala na mumewe, akakohoa kwa muda mrefu mkono ukiwa kifuani.

"Nimeisikia ile ramani," alisema alipopata pumzi. "Wanasema watamwaga maji asubuhi na jioni. Hayo maji yakimwagwa kweli, mimi nitawaombea dua."

"Na mashine itakwenda wapi?"

"Si wamesema kuna kiwanja?"

"Kiwanja ni cha mabasi. Hawakusema cha mafundi."

Kudra alimega tonge akalishika bila kulila. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mbili. Binti yao Adija alikuwa ameolewa Kilosa, na nyumbani walibaki wawili, kwa hiyo kila mmoja alimjua mwenzake alivyo akiwa na jambo.

"Baba Adija, tangu siku ile hulali vizuri. Nilidhani ni damu uliyoiona. Lakini damu uliiona hata yule mchukuzi alipokanyagwa na lori, na ulilala."

"Lalji anataka niseme yule mama alikimbia."

"Alikimbia?"

"Hapana."

"Basi utasema hakukimbia. Kuna gumu gani?"

Shaban alinawa mkono ingawa alikuwa hajamaliza kula. "Aliniomba njia," alisema. "Alisimama mbele yangu akasema, kaka, nipishe nipite. Mimi nikamwambia apite chini. Sikumtazama usoni."

Kudra alilirudisha tonge kwenye sahani. Kule barabarani basi lilipiga honi, watu wakaitana.

"Nani anajua?"

"Mimi na yeye. Na sasa wewe."

"Hajasema?"

"Hajaulizwa. Nani anamwuliza mama wa Msalato?"

Alingoja mkewe amwambie anyamaze. Alikuwa ametayarisha hata jibu la kumpa. Lakini Kudra alikifunika tena chakula kwa ile kanga mbichi.

"Kwanza nenda ukamwone," alisema. "Huwezi kusema habari ya mtu ambaye hujamtazama."

*

Alikwenda Jumatatu saa ya kutazama wagonjwa, na machungwa manne ndani ya kikapu. Lydia alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mume wake Methusela ameketi sakafuni kando yake, kofia mapajani. Methusela alimwamkia kwa adabu, "Mbukwa," kama wanavyoamkiana Wagogo, akidhani ni mtu wa misheni aliyekuja kuwaombea.

"Huyu ni fundi," Lydia alisema. "Fundi wa dukani kwa Mhindi."

Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayemtambulisha mgeni kwa mumewe. Shaban alitafuta pa kuweka machungwa, akayaweka miguuni mwa kitanda, akaona kwamba upande mmoja shuka limelala tambarare, akayaondoa na kuyashika tena.

"Pole, dada."

"Nimepoa."

Methusela akamsimulia, maana alikuwa na haja ya kumsimulia mtu. Alikuwa amekwenda boma kuuliza kama kuna msaada. Alisimama tangu asubuhi hadi adhuhuri. Karani wa mapokezi akamwambia mkewe alikimbia mbele ya gari, imeandikwa, na kwamba watu wa vijijini wafundishane kutembea mjini kabla ya kuja.

"Nimeolewa miaka kumi na sita," Lydia alisema, "na kila Jumamosi baada ya mavuno nakuja mjini. Debe la karanga kichwani, tangu Msalato. Mtu mwenye debe la karanga kichwani anakimbiaje, kaka? Wewe ulikuwepo. Ulimwona aliyekimbia?"

"Hapana."

"Basi sema."

Hakutaja lile jingine. Alimtazama tu, na Shaban sasa aliutazama uso wake: uso mpana, wenye alama ndogo ya mviringo katikati ya paji, midomo iliyokauka kwa homa. Alijua kwamba anakumbuka kila neno.

"Nitasema," Shaban alisema. Akampa Methusela machungwa mkononi, akatoka.

*

Jumatano alfajiri, kabla Lalji hajafungua mlango, Shaban alifika barazani na utepe wake wa kupimia. Alipima upana wa baraza. Akapima pale marobota yalipokuwa yanawekwa, ambapo alama yake ilikuwa imechorwa sakafuni kwa miaka mingi. Akaiweka mashine mahali pake na kigoda nyuma yake kama siku zote, akapima kilichobaki. Akarudia mara ya pili, kama alivyorudia vipimo vya kila nguo kabla ya kukata.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mahakama. Walioitwa walifika saa mbili, na kikao kilianza saa nne. Wenye maduka waliwekewa benchi ndani. Waafrika walisimama nje, kwenye ukuta usio na kivuli, na askari aliwaambia wavue viatu kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki. Shaban alivua viatu akavishika mkononi. Alipoitwa aliingia navyo, askari akamwambia aviweke nje, akarudi kuviweka, akaingia tena huku watu wakimsubiri. Mmoja kwenye benchi alicheka kidogo.

Bwana Shauri alikaa katikati ya meza, Wazungu wawili kulia, Mhindi mmoja wa kamati kushoto. Zaidi alikuwa mwisho wa meza na kalamu. Khamisi, dereva wa basi la Mpwapwa, alikuwa amekwisha toa maneno yake. Alisema hakumwona mtu anayekimbia wala mtu anayetembea. Aliona vumbi. Alisikia bati likigongwa, akarudi nyuma kama alivyorudi kila siku. Alisimama kando sasa, amekonda, maana tangu siku ile alikuwa amenyang'anywa leseni.

"Wewe ndiye fundi wa baraza la Bwana Lalji?" Bwana Shauri aliuliza. Alizungumza Kiswahili kizuri, cha pwani zaidi kuliko cha Shaban mwenyewe.

"Ndiyo, bwana."

"Barua hii inasema mwanamke alikimbia mbele ya basi. Ulimwona?"

"Hakukimbia, bwana. Alikuwa na debe la karanga kichwani."

Kwenye benchi Lalji alivua miwani, akaanza kuisafisha kwa ncha ya shati.

"Basi kwa nini alikuwa barabarani?"

Hapo ndipo Shaban angeweza kuishia. Baadaye alimwambia Kudra kwamba jibu fupi lilikuwa limekwisha kuja mdomoni: sijui, bwana. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Barazani hapakuwa na njia," alisema. "Nimepima leo asubuhi. Baraza lina futi saba. Marobota, majembe na pipa yanachukua futi tatu na inchi kumi. Mashine yangu na kigoda changu vinachukua futi mbili na inchi tano. Zinabaki inchi tisa. Mtu hapiti kwenye inchi tisa, bwana. Debe lenyewe ni pana kuliko hapo."

Mzungu mmoja aliandika hesabu ile kwenye karatasi, akaijumlisha, akatikisa kichwa kwamba ni sawa.

"Kwa hiyo aliteremka mwenyewe."

"Hakuteremka mwenyewe. Aliniomba nimpishe. Nilikuwa na kazi ya mtu, nikamwambia apite chini. Akapita chini, basi likamkuta."

Zaidi aliinua kalamu, akamtazama Shaban kama anayemuuliza kama kweli anataka hayo yaandikwe. Shaban akatikisa kichwa kukubali. Kalamu ikaandika.

"Unajua," Bwana Shauri alisema taratibu, "kuziba njia ya wapita kwa miguu ni kosa kwa sheria ya mji?"

"Sikujua, bwana. Sasa najua."

Waliambizana kwa Kiingereza pale mezani. Kisha Bwana Shauri akatangaza kwamba habari ya barabara itaamuliwa na kamati baada ya mapumziko. Kwamba wenye maduka wote wataandikiwa barua ya kuonywa. Na kwamba fundi, kwa kuwa amekiri mwenyewe, atalipa faini ya shilingi kumi na tano.

Shaban alitoka nje kuvaa viatu vyake. Viatu vyenyewe vilikuwa vimepata moto juani, akavivaa hivyo hivyo.

*

Mpango ulipita kwa kura tatu dhidi ya moja. Lalji alikuwa amekwisha kurudi dukani Shaban alipofika. Mashine haikuwa barazani.

"Nimeiingiza stoo," Lalji alisema. Alikuwa anahesabu vifungo na kuvitia ndani ya kopo, na hakuacha. "Baraza si langu tena. Nikuweke wapi?"

"Naelewa."

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ningekuambia, ungeniruhusu niseme?"

Lalji alifikiri. "Hapana," alisema.

"Basi."

"Miaka kumi na moja, fundi. Umesimama mbele ya Wazungu ukapima baraza langu kama unapima maiti."

Shaban akageukia vitu vyake. Alichukua mkasi wake, utepe, chaki, na mto mdogo aliokalia, maana hivyo vilikuwa vyake, akavifunga ndani ya kitambaa. Alipofika mlangoni Hansa alimfuata, akampa bahasha yenye malipo ya nguo za duka alizoshona wiki ile, noti tatu za shilingi tano, senti hazikupungua. Hakumwambia kwaheri. Alisema, "Salimia mama, aendelee na dawa."

Faini ilizimaliza zile noti zote.

Mwezi wa kumi vibarua walikuja na makoleo na mawe. Walivunja kingo za mabaraza, wakachimba mifereji, wakapanga mawe mstari mmoja kutoka kona ya reli hadi soko. Miarobaini ilipandwa, kila mche ukazungushiwa miiba mbuzi asiufikie. Gari la maji lilianza kupita asubuhi na jioni. Siku za mwanzo watu walitoka nje kulitazama.

Kudra alisimama mlangoni pa uchochoro akaangalia vumbi likilala. Usiku ule alikohoa, lakini kesho yake mchana akakaa uani akapeta mtama bila kujifunika uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kiangazi.

Shaban alishona kwa mkono. Alipiga viraka, alitia vifungo, alidarizi kofia mbili ambazo hazikupata mnunuzi. Wenzake wa mabaraza mengine, mafundi sita, nao walikuwa wamefukuzwa, na wawili kati yao hawakumsalimu tena. Mmoja, Hassani, alimwambia msikitini mbele ya watu, "Wewe ulitubu kwa mkate wetu." Shaban alivumilia. Wiki ya tatu aliuza baiskeli yake. Alikwenda boma mara mbili kuomba mafundi wapewe sehemu kwenye kiwanja cha mabasi. Mara ya kwanza aliambiwa arudi, mara ya pili Zaidi alimwandikia barua kwa mkono wake mwenyewe, wakaitia sahihi mafundi wote sita, hata Hassani.

Kibali kilitoka mwezi wa kumi na mbili. Kibanda cha bati, bila kuta, mwisho wa kiwanja. Lakini kibanda bila mashine ni kivuli tu.

Basi Lalji alikuja mwenyewe. Hakuwa amewahi kuingia uchochoroni. Alisimama uani na mwavuli wake, akakataa kiti, kisha akakaa.

"Watu wananunua kitambaa, wanauliza fundi yuko wapi," alisema. "Nasema hakuna fundi. Wanarudisha kitambaa."

"Biashara inakwendaje?"

"Inakwenda. Wanakuja kwa miguu sasa, wanatembea pole pole, wanaangalia. Sikutegemea." Alisema hivyo bila furaha, kama mtu anayesoma bei. "Nitakukodisha mashine. Shilingi kumi na mbili kwa mwezi. Ikae kwenye kibanda chako. Mteja akinunua kwangu nitamtuma kwako."

"Zamani ilikuwa nane."

"Zamani ulikuwa barazani kwangu."

Shaban alimtazama Kudra, Kudra akatazama pembeni kumwachia mwenyewe.

"Kumi," Shaban alisema.

"Kumi na moja. Na mafuta ya mashine ni juu yako."

Wakakubaliana. Lalji alipoinuka kuondoka alisimama mlangoni, akafungua mwavuli, akaufunga. "Sijasahau," alisema. Shaban akajibu kwamba hakutegemea asahau.

*

Lydia alikuja kibandani mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeipa nchi majani. Methusela alimleta kwa baiskeli hadi kona ya reli, akamwacha hapo kwa sababu alitaka kutembea. Alikuja na gongo moja chini ya kwapa la kushoto, jora dogo la kitambaa cha kijani limefungwa mgongoni kwa kanga, limenunuliwa kwa Lalji.

Shaban alisimama. Mafundi wengine waliacha kukanyaga mashine zao, kisha wakaendelea.

"Shikamoo, dada," alisema, ingawa alimzidi umri.

"Usiniamkie hivyo. Mimi si mkubwa wako." Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaegemeza gongo. "Nataka gauni la kanisani. Lakini uniambie kama unaweza. Nililo nalo likipandishwa na gongo upande huu linafika juu. Mguu unaonekana. Watu wanaangalia, watoto wanauliza."

"Naweza. Upindo ushuke zaidi upande wa kushoto. Ukisimama bila gongo litaonekana limepinda, lakini ukitembea litakuwa sawa."

"Mimi natembea. Sisimami."

Alimpima mabega, kiuno, mikono, akaandika kwa chaki kwenye meza. Alipofika kwenye urefu alisita, akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Dada, siku ile nilikosa. Nilitaka kukuomba msamaha hospitalini, mdomo haukufunguka."

Lydia alikuwa anatazama basi la Kondoa likipakia, abiria wamejipanga kando ya mawe.

"Nilisikia ulivyosema kule kwa Wazungu," alisema. "Yule karani alimweleza Methusela. Walitupa msaada kidogo kwa ajili ya hayo, tukanunua ng'ombe mmoja." Akamgeukia. "Lakini kusamehe bado, kaka. Sikudanganyi. Asubuhi nikiamka nasahau, nataka kusimama kwa miguu miwili, naanguka. Siku nitakayoacha kuanguka labda nitakusamehe. Gauni nimekuletea kwa kuwa unapima sawasawa."

"Nimesikia."

"Haya. Pima."

"Simama, ushike gongo, utembee kidogo. Nataka nione linapanda kiasi gani."

Lydia akainuka. Shaban alipiga magoti chini na chaki mkononi, akakaza macho kwenye upindo wa gauni lile la zamani la buluu. Alitegemea atembee hatua tano na kurudi. Lydia alitoka kibandani, akavuka kiwanja, akaingia kwenye njia ya mawe, akaendelea. Gongo lilitua, mguu ukafuata, gongo likatua. Mwanamume mmoja mwenye kikapu alikuwa anakuja mbele yake, akasogea pembeni akampisha. Akapita duka la kwanza, la pili, la Lalji, hadi kona, akageuka. Shaban alibaki kwenye magoti yake muda wote huo, na mteja mwingine alipokuja akamwambia angoje.

"Inchi tatu," Shaban alisema Lydia aliporudi.

"Weka nne," Lydia alisema, akihema. "Nitakuwa natembea zaidi ya hapo."